Kiti Kimoja Katika Duka la Chengdu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kusema. Meneja wa Duka, Mskoti mrefu aliyefunga tai hata siku za joto kali, alinisimamisha karibu na meza ya hedifoni akaniambia, "Leo hutauza chochote, Zarina. Leo tazama mikono ya wateja." Nikadhani ananitania. Asubuhi ile nilikuwa nimepanda tramu kutoka Parkdale, mtaa wa Toronto nilikokuwa nikiishi kwa kaka yangu, nimevaa blauzi niliyoazima kwa wifi, na njia nzima nilikuwa nikikariri majina ya bidhaa kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani. Isitoshe, mimi ni mtoto wa duka. Baba yangu aliuza vitambaa na taa za kandili Dodoma, na kwetu muuzaji aliyenyamaza alidhaniwa anaumwa.

Basi nikatazama mikono. Kuna mteja anayezungusha kitufe cha sauti kwanza. Huyo anataka kujua kama kitu kina nguvu. Kuna anayeigeuza spika kuangalia mgongo wake, penye matundu ya nyaya. Huyo anajua, au anataka tuamini kwamba anajua. Na kuna anayepitisha kiganja juu ya mbao taratibu, kama anayempapasa paka. Jioni Meneja akaniuliza ni nani kati yao hununua. Nikasema wa kitufe.

"La," akasema. "Ni wa kiganja. Huyo ameshakipeleka kitu nyumbani kwake, kichwani. Kilichobaki ni kukifungasha tu."

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii wakati mteja amekwisha kusoma kila kitu kwenye simu kabla hajavuka kizingiti. Wakati wetu mteja alikuja hajui, na muuzaji alikuwa mlango. Kampuni yetu ilitengeneza spika na amplifaya, yaani kile kisanduku kinachoipa sauti nguvu kabla haijafika kwenye spika. Karakana ilikuwa Downsview, nyumba za watu upande huu na maghala upande ule, na ukipita asubuhi ulisikia harufu ya mbao zilizokatwa na gundi. Vitu vyetu vilikuwa vya bei ya kumfanya mtu atafute pa kukaa. Kwa hiyo katika kila duka kulikuwa na chumba cha kusikilizia: chumba kidogo chenye zulia zito na kuta zilizovikwa kitambaa, ambamo mteja huketi, mlango hufungwa, na wimbo mmoja hupigwa mpaka mwisho bila mtu kumsemesha.

Miaka ikapita. Kutoka muuzaji nikawa msimamizi wa zamu, kisha mkufunzi, yaani mtu anayetumwa kwenye duka jipya kabla halijafunguliwa awafundishe wafanyakazi kusalimia, kunyamaza, na kujua wakati wa kufunga ule mlango. Nilihamia Scarborough na mume wangu Nizar, tukalea watoto wawili ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa vizuri kabisa, kisha wanakujibu Kiingereza.

Ni katika kipindi hicho wateja wa Kichina walipoanza kuwa wengi katika duka letu la mjini. Walikuwa wanafunzi wa vyuo pamoja na wazazi waliokuja kuwatembelea. Jambo lililonishangaza ni kwamba hawakuja na simu ili wapige picha za bidhaa tu. Walipiga simu ya video nyumbani, wakamwonyesha shangazi au rafiki aliyekuwa kitandani upande wa pili wa dunia, na yule aliyeamshwa ndiye aliyeuliza maswali makali kuliko wote.

Mkurugenzi wa Maduka ya Nje alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa maamuzi. Siku moja alisimama nami nyuma ya kaunta akatazama familia moja ikibeba spika mbili kwenda nazo uwanja wa ndege.

"Kwa nini wabebe mzigo huu wote?" akauliza.

"Kwa sababu kwao hatupo," nikajibu.

Sikuwa wa kwanza kulijua hilo. Enzi hizo kila kampuni ya ughaibuni yenye kitu kizuri cha kuuza, simu, saa au kamera, ilikuwa ikikimbilia China kujenga duka la vioo. Sisi tulichelewa. Tulifungua duka Shanghai, likaenda vizuri, na ndipo Mkurugenzi akaniita ofisini akasema, "La pili ni Chengdu. Utakwenda wewe."

Nizar akaniuliza Chengdu ni wapi. Tukaitafuta kwenye ramani, tukaikuta ndani kabisa, mbali na bahari. Kwenye jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Zarina, Wachina ndio wanaotuuzia sisi kila kitu. Wewe unakwenda kuwauzia nini?" Nilicheka nao, lakini swali lilinikaa moyoni. Kwa kweli sikujua.

Duka la Chengdu lilikuwa katika jengo jipya la biashara, mbele vioo vitupu, ndani mbao za mwaloni zilizosafirishwa kutoka Canada. Meneja wake aliitwa Lan. Alikuwa na miaka kama thelathini na minane, nywele fupi, sauti ya chini, na Kiingereza alichojifunza alipokuwa akiuza vito hotelini. Alikuwa ameacha kazi ya kudumu kuja kwetu, na baba yake alikuwa hajamsamehe. Kwa mujibu wa mkataba alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, maana yake kampuni ingeweza kumwachisha kazi bila maelezo marefu. Aliniuliza umri wangu bila haya, nikamtajia, na tangu hapo akaniita kwa neno la kwao la dada mkubwa. Nami nikamwita mdogo wangu.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa kilekile cha Toronto, kimenakiliwa hadi rangi ya zulia. Kilibuniwa na Mhandisi Mkuu wa kampuni, mtu ambaye sisi wa madukani tulimwona mara chache na kumwogopa sikuzote. Katikati kulikuwa na kiti kimoja. Kiti kile hakikuwekwa kwa mapambo. Sauti ya spika mbili hukutana vizuri mahali pamoja tu. Ukikaa hapo, mwimbaji anasimama mbele yako kama mtu. Ukisogea pembeni, anahamia kwenye spika iliyo karibu nawe, na ule uhai unapungua. Kiti kilikuwa kimefungwa sakafuni kwa skrubu.

Kabla ya sherehe ya uzinduzi huwa tunafanya ufunguzi wa kimya: milango inafunguliwa bila tangazo, ili makosa yaonekane kabla wakubwa hawajafika. Makosa yalionekana siku ileile. Wateja walikuja, tena wengi, ila hakuna aliyekuja peke yake. Mume alikuja na mke, mtoto, mama mkwe, na rafiki anayejua mambo ya umeme. Mmoja aliketi kwenye kiti. Wengine walibanana mlangoni. Muuzaji, kama nilivyomfundisha, aliwaomba wasogee ili afunge mlango. Wakasogea, wakangoja nje, wakaanza kuangalia saa. Aliyekuwa ndani akasikia minong'ono yao, akatoka kabla wimbo haujafika nusu.

"Samahani, tutarudi," walisema. Lan alinitafsiria, kisha akaongeza, "Hawatarudi."

Nikadhani nimelijua tatizo. Nikawaza, hii ni heshima. Mkubwa anasimama huku mdogo ameketi. Nikawaagiza wauzaji wamkaribishe kwanza mzee wa familia. Mzee wa kwanza aliketi, akasikiliza kidogo, akainuka akasema jambo lililowachekesha wote.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema yeye hanunui kitu, ni mwanawe ndiye mwenye fedha, kwa nini mnamfungia yeye?"

Nilikuwa nimekosea kabisa. Nilirudi hotelini nikiwa na udadisi kuliko aibu. Nilitaka kujua watu hawa husikiliza vipi wakiwa kwao.

Nilimwuliza Lan. Kesho yake, siku ya mapumziko, alinipeleka kwenye bustani ya mji penye sehemu ya kunywea chai. Watu walikuwa wengi ajabu, wameketi kwenye viti vifupi vya mianzi vilivyolia kila mtu alipojigeuza. Kila mmoja alikuwa na kikombe chenye kifuniko. Walicheza karata, walibishana, walisinzia, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka. Katikati yao alipita mwanamume aliyevaa koti jeupe, akigongesha vyuma viwili virefu: ting, ting.

"Huyo ni nani?"

"Msafisha masikio," Lan akasema. "Dada, wewe si unauza mambo ya masikio?"

Nikakubali. Yule bwana aliniinamisha kichwa, akawasha taa ndogo kwenye paji la uso wake, akaniingiza sikioni kijiti chembamba chenye manyoya ya ndege mwishoni. Kisha akakigusisha kwenye chuma chake kilichokuwa kikitetemeka. Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Ilikuwa sauti isiyotoka popote. Ilikuwa kichwani mwangu, nami nikashituka nikacheka kwa sauti. Hapo wakacheka wote waliokuwa karibu. Mama mmoja wa meza ya pili alimwelekeza fundi upande gani ni mchafu zaidi. Mzee mmoja akatoa maoni. Watu ambao sikuwajua walikuwa wakishughulikia sikio langu kama mali ya mtaa.

Lan alikuwa akinitazama. "Unaona?" akasema. "Hapa hata hili hatulifanyi faragha. Mtu asiposhuhudiwa akifurahi, atajuaje kwamba amefurahi?"

Kabla ya kurudi tulikodi viti saba vya mianzi kwa mwenye sehemu ile ya chai. Tulivipanga ndani ya chumba cha kusikilizia, nyuma na pembeni ya kile kimoja cha sakafuni, tukaacha mlango wazi nusu. Wauzaji walitazamana. Mmoja alisema viti vitalia wakati wa wimbo. Vililia kweli. Lakini familia ziliingia zikakaa. Wimbo ukafika mwisho, watu wakabishana, wakaomba urudiwe, wakabadilishana viti. Yule rafiki anayejua umeme akapata nafasi ya kusema maneno yake yote. Nami nikaona mikono: mama mkwe, ambaye hapo awali angekuwa nje akiangalia saa, alikuwa amenyoosha kiganja anaipapasa mbao.

Mhandisi Mkuu aliwasili siku mbili kabla ya uzinduzi. Alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, mkoba bado begani, akapita kaunta, akasimama kwenye mlango wa chumba chake.

"Hivi ni nini?"

"Viti," nikasema.

"Naona ni viti. Wazo la nani?"

Lan alifungua kinywa. Nilijua atakachosema, na nilijua mkataba wake. Nilijua pia kwamba Toronto nafasi ya Mkufunzi Mkuu ilikuwa wazi na jina langu lilikuwa limetajwa.

"Letu," nikasema kabla yake. "Langu na lake."

Msidhani Mhandisi alikuwa mtu mbaya. Hakupaza sauti. Alitwaa kiti kimoja cha mianzi, akakiweka pembeni, akanionyesha. "Zarina, umefanya kazi hii miaka mingi. Unajua kwamba anayeketi hapa hasikii nilichotengeneza. Anasikia nusu yake. Tukimwuzia baada ya kusikia nusu, tunamdanganya."

Alikuwa na haki. Aliyemjibu ni Lan, kwa sauti yake ileile ya chini.

"Bwana, nyumbani kwao wataketi hapohapo pembeni. Sebule zetu zina kochi refu, na katikati anakaa mtoto. Hapa wanasikia watakachokisikia kwao."

Mhandisi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua. Mwishowe akasema, "Duka letu ni moja dunia nzima. Viondoeni." Akaenda hotelini kulala.

Tukaviondoa. Lan alivipanga kwenye gari la mwenye sehemu ya chai kimoja kimoja, hakutaka nimsaidie. "Dada," akasema, "hukupaswa kusema 'letu.' Wewe una kazi ya kuirudia Toronto."

"Na wewe huna?"

Akainua kiti cha mwisho.

Siku ya uzinduzi ilikuja na maua, hotuba na watu wa magazeti. Baada ya hotuba iliingia familia moja ya watu sita, ikiongozwa na bibi mfupi aliyevaa kizibao cha hariri ya samawati, mgongo wake umepinda kidogo. Muuzaji alimkaribisha kwenye kiti. Bibi akaketi. Akageuka, akaona wenzake wamebaki mlangoni, na muuzaji ameshika kitasa. Akasema neno moja la ukali. Mjukuu wake akaja mbio akaketi mapajani pake. Akasema tena, na mwanawe na mkwe wakaingia wakaketi kwenye zulia, huku suruali ya mwanawe ikiwa ya suti. Wengine wakafuata. Muuzaji alinitazama kwa hofu, mimi nikamtazama Mhandisi Mkuu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na glasi ya maji mkononi.

Bibi naye akamwona. Akampungia mkono, kiganja kikielekea chini, kama tunavyoitana sisi Dodoma. Kisha akapigapiga zulia karibu na mguu wake.

"Anasema mgeni akae, asizibe mlango," Lan akatafsiri, bila kumtazama usoni.

Nilidhani Mhandisi atatabasamu aondoke. Badala yake aliweka glasi chini, akakunja miguu yake mirefu kwa shida, akaketi pembeni kabisa, bega likigusa ukuta. Muuzaji akapiga wimbo. Mimi sikusikiliza muziki. Nilimtazama yeye. Mwanzoni alikunja uso, kisha akainamisha kichwa upande mmoja, halafu mwingine, kama ndege anayetafuta punje. Nadhani alikuwa hajawahi kusikiliza kazi yake kutoka mahali pale. Wimbo ulipokwisha, familia ikaanza kubishana, naye akabaki sakafuni.

"Hapa sauti nzito ya besi imezidi," akasema, kwa Kiingereza, bila kumwambia mtu yeyote.

Familia ile haikununua siku hiyo. Walirudi kununua wiki iliyofuata; Lan alinipigia simu kuniambia, nami tayari nikiwa Toronto.

Mengine yaliyofuata hayakupangika vizuri kama hadithi. Lan hakufukuzwa, lakini hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na haki. Baada ya miezi kadhaa aliondoka mwenyewe akaenda kwenye kampuni ya kwao iliyokuwa ikianza kutengeneza spika nzuri kwa bei nusu ya zetu. Nafasi ya Mkufunzi Mkuu alipewa kijana kutoka ofisi ya Vancouver, nami nilimfundisha alichohitaji. Mwaka uliofuata michoro mipya ya maduka ilitufikia kutoka Downsview. Kwenye chumba cha kusikilizia kulikuwa na benchi refu lenye mito, na spika zilikuwa za muundo mpya, zinazotawanya sauti kwa upana ili aliyeko pembeni naye apate kitu. Chini ya mchoro paliandikwa jina la idara tu. Hata hivyo miaka michache baadaye duka la Chengdu lilifungwa. Kampuni za kwao, ya Lan ikiwa mojawapo, zilikuwa zimetupita, na kusema kweli sikuhuzunika kama nilivyotarajia. Nilitaka tu kujua maduka yao yanafananaje ndani.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kazi ya ukufunzi ilinifundisha nini, wakitegemea niwape siri ya kumvuta mteja. Sina. Ninachojua ni kwamba kila nilipofika mahali nikiwa na jibu mkononi, nilichelewa. Na nilipofika nikiwa na swali, watu walinionyesha kwao. Mjukuu wangu Farah anasema siku hizi maswali yote huulizwa kwenye kompyuta. Labda. Lakini kompyuta haijaketi kwenye zulia la mtu.

Kabla sijaondoka kazini, walinifanyia chai ya kuniaga kule karakana. Mhandisi Mkuu alikuja, naye mwenyewe akiwa karibu kustaafu, nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Tulisimama na vikombe vyetu karibu na mashine za kukatia mbao. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza juu ya Chengdu hata mara moja.

"Niliporudi kutoka kule," akaanza ghafla, "usiku wa kwanza nilikaa sebuleni na mke wangu. Nina spika zangu pale tangu tulipooana. Mimi hukaa katikati. Yeye hukaa kwenye kiti cha dirishani, kwa sababu ya mwanga, anafuma sweta. Nikamwomba tubadilishane viti."

"Akakubali?" nikauliza.

"Alikaa pangu, nikampigia wimbo tuliocheza kwenye harusi yetu. Zarina, alilia. Akaniambia, 'Miaka yote hii, uliposema mwimbaji amesimama mbele yako, nilidhani unajifanya.'"